Sufuria Iliyopimwa Uzima

Palikuwa na nchi ikiitwa Tulizana. Kama hujawahi kuisikia, hongera, endelea hivyo hivyo. Ilikuwa nchi nzuri tu. Ilikuwa na jua, ilikuwa na mvua ikipenda, na ilikuwa na mawaziri sitini na wanne, kila mmoja na jambo lake. Alikuwepo Waziri wa Barabara na alikuwepo Waziri wa Mashimo ya Barabara, na hao wawili hawakuwa wakisalimiana. Alikuwepo pia Waziri wa Huruma, na huyo ndiye aliyetukusanya hapa.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo aliishi mjane akiitwa Bi Mashavu. Jina alipewa utotoni, na mashavu yenyewe yalikwisha kwenda zake siku nyingi. Bi Mashavu alikuwa na sufuria. Ilikuwa kubwa, ya kupikia pilau la harusi mbili, na kwa miaka kumi na moja kila siku ya Mungu alipika humo uji mzito wa mtama na maharage, akaipakia kwenye toroli, akaisukuma mpaka hospitali ya wilaya.

Maana Tulizana hospitali ilikuwa bure kabisa. Mgonjwa alipewa kitanda, kadi na moyo wa subira. Chakula kililetwa na jamaa zake. Asiye na jamaa alipewa kitanda, kadi na subira mara mbili. Hao ndio Bi Mashavu aliowapelekea uji, na mwaka ninaousema walikuwa arobaini na mmoja.

Unga ulitoka wapi? Ulitoka kwenye desturi. Katika mtaa wa Bi Mashavu, mwanamke akipika huchota konzi moja kabla hajaosha nafaka, akaliweka pembeni kwa ajili ya mtu asiyemjua. Konzi hilo hutiwa kwenye pakacha nyuma ya mlango wa uani. Anayekuja kulichukua hubisha hodi ya kikohozi, huchukua, huondoka. Humwangalii usoni, wala yeye hakuangalii, na kuuliza nani katia ngapi ni utovu wa adabu kama kuchungulia bafuni. Bi Mashavu alipita asubuhi akikohoa milango themanini. Watu waliomsikia kwa mara ya kwanza walimwonea huruma kwa kifua chake.

Basi mambo yalikwenda hivyo, hadi Waziri wa Huruma aliporudi safari ya ng'ambo akiwa na neno jipya.

*

Neno lilikuwa "uzima wa fedha". Waziri alitangaza redioni kwamba kila chama cha hisani nchini kitapimwa uzima wa fedha zake, kipewe alama kati ya sifuri na mia, na chenye alama za kutosha kipewe Hati. Kisicho na Hati hakitaruhusiwa kumhurumia mtu yeyote.

"Hatuwezi," alisema Waziri, "kuwaacha wananchi wetu wanyonge wasaidiwe na watu ambao wenyewe hawana kitu! Huo ni ukatili!"

Bi Mashavu alisikia akiwa anachambua maharage. Akamwambia jirani yake, Mama Hidaya, "Mwenzangu, sisi tuna chama?"

"Sijui. Una sufuria."

"Basi wapime sufuria. Haina tundu hata moja."

*

Wakaguzi walikuja tisa, katika magari manne. Kiongozi wao alikuwa Bwana Msabaha, kijana wa makamo, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na ya nne sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni. Mmeshakula?"

Hilo lilikuwa swali la adabu tu, lakini wakaguzi walilijibu kwa maandishi: hawajala. Wakapakuliwa mabakuli tisa, na la kumi akaongezwa mwenye kuendesha gari la mbele kwa sababu alikuwa amechoka zaidi. Uji ulikuwa mtamu, wakausifu. Siku hiyo upande wa dirishani wa wodi ya tatu, wagonjwa kumi hawakufikiwa, wakaambiwa kesho.

Baada ya kufuta midomo, Bwana Msabaha alifungua daftari.

"Mama, mapato ya chama yanatoka wapi?"

"Mlangoni, baba."

"Mlango wa nani?"

"Wa kila mtu."

"Kila mtu anatoa kiasi gani?"

"Mimi nitajuaje? Nikimwangalia si atatahayari?"

Bwana Msabaha akaandika: Chanzo cha mapato, milango. "Gharama za utawala?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ofisi, mishahara, safari, semina, viti vya semina."

"Nina upawa."

"Uliununua kwa kiasi gani?"

"Nilirithishwa na mama mkwe. Na alipokuwa ananipa alinuna."

Akaandika: Utawala, upawa mmoja, wa urithi, wenye mgogoro.

"Sasa swali la mwisho, mama, na hili ndilo lenye uzito. Ikifika jioni, kinabaki kiasi gani?"

Hapo Bi Mashavu alisimama wima. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza swali alilotamani kuulizwa kama hilo. Katika mtaa ule sufuria ya sadaka ikirudi na kitu ndani ni aibu, maana yake yupo mtu amelala na njaa. Akaikamata sufuria kwa mikono miwili, akaibinua mbele ya wakaguzi wote tisa, akaipiga kofi matakoni.

"Hakibaki hata punje! Miaka kumi na moja, baba, sijarudi na tone!"

Mama Hidaya, aliyekuwa akichungulia ukutani, akapiga kigelegele.

Bwana Msabaha akavua miwani. Wakaguzi wengine wakainamisha vichwa.

"Kila siku, mama?"

"Kila siku!"

"Kwa miaka kumi na moja?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeingia msibani. "Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Chama chako kimekufa, mama. Kilikufa siku ya kwanza, jioni. Siku zote hizi umekuwa ukisukuma maiti kwenye toroli."

"Maiti gani inayopika uji, na nyinyi mkala mkaramba vidole?"

"Ndiyo maana tumekuja wengi," alisema Bwana Msabaha kwa upole, akaandika sifuri. Aliiandika vizuri sana, mviringo kamili, maana aliwahi kusomea.

*

Msidhani Tulizana haikuwa na vyama vizima. Ulikuwepo Mfuko wa Machozi ya Mama, mlezi wake akiwa mke wa Rais mwenyewe. Huo ulipata mia kwa mia kila mwaka. Kwa miaka kumi na minne ulipokea michango kutoka kila pembe ya dunia, na katika miaka hiyo yote haukumpa mtu yeyote chochote. Wataalamu walikuwa wakija kwa ndege kuutazama, wakatoka wakitikisa vichwa. Uzima namna ile, walisema, hawajauona hata kwao.

Bi Mashavu aliandikiwa barua ya matibabu. Chama chake kijenge akiba. Kila konzi litakalopatikana liwekwe ghalani, na ghala lifungwe kwa kufuli mbili, funguo zikae kwa Bwana Msabaha. Uji usimame mpaka mgonjwa apone, na mgonjwa aliyekusudiwa ni chama. Daftari la wahitaji lifungwe hapo hapo kwenye arobaini na mmoja ili hesabu isiyumbe. Atakayeingia hospitali baada ya tarehe hiyo bila jamaa atahesabiwa kuwa hayupo.

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi, hata Bi Mashavu aliyeishia darasa la sita aliielewa. Unachukua akiba, unaigawa kwa idadi ya wahitaji. Akiba ikipanda, uzima unapanda. Aliisoma mara mbili, akahisi kuna kitu kinamkuna ndani ya hesabu ile, lakini hakukipata mara moja.

Kesho yake alisukuma toroli mpaka hospitali vile vile. Getini akakutana na mlinzi Chande, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akimfungulia kabla hajafika.

"Leo siwezi, mama. Huna Hati."

"Chande! Mama yako mzazi mimi si ndiye niliyemlisha humu ndani mpaka siku yake?"

"Ndiyo, mama. Na akifufuka leo nitamwambia huna Hati." Alisema hivyo akiangalia viatu vyake.

Wanawake wa mtaani hawakukubali. Siku ya tatu walikwenda arobaini, kila mmoja na sahani yake kafunika kwa kitambaa, kila mmoja akidai kuwa ni dada wa mgonjwa fulani. Chande akawataka barua za undugu zenye muhuri wa Waziri. Sahani zikachukuliwa kwa kosa la kuwa chakula kisicho na wenyewe, na kwa kuwa ushahidi wa chakula hauwekeki, uliliwa.

Bwana Msabaha ndiye aliyeona haya. Alikuja nyumbani kwa Bi Mashavu na karatasi mkononi. "Mama, nimekutafutia kibali. Sahani moja, mgonjwa mmoja, siku moja. Zaidi ya hapo nitafukuzwa kazi, nami nina watoto wanne."

Bi Mashavu akashukuru. Angefanya nini?

*

Siku ya kwanza aliijaza sahani wali wa jikoni kwake mpaka ikawa mlima. Chande akaleta rula. Siku ya pili aliingia na sahani ya kawaida akataka kuigawa kijiko kijiko, muuguzi akamwonyesha kidole kwenye kibali, mgonjwa mmoja. Basi akapanga zamu. Leo kitanda cha kwanza, kesho cha pili, na kuendelea. Wagonjwa arobaini na mmoja, kila mmoja kula siku moja katika arobaini na moja.

Kitanda cha thelathini na nane alilala Mzee Shomvi. Alikuwa msukuma mkokoteni tangu ujana, hadi siku ya mteremko ambapo mkokoteni ulimsukuma yeye, ukamvunja nyonga. Aliposikia zamu yake ni lini, alisema, "Niandikie mahali, Mashavu. Mtu wa umri wangu anaweza kusahau kula."

"Usinichekeshe, mzee. Sina nguvu za kucheka."

"Basi cheka kwa niaba yangu, mimi ndiye nisiyekula."

Wagonjwa wenye jamaa waliwarushia wenzao tonge kwa siri, mpaka likatoka tangazo kwamba tonge linalovuka kitanda ni msaada, na msaada unahitaji Hati.

Mwezi wa kwanza uliisha, uzima wa chama ukasoma asilimia kumi na tisa. Mwezi wa pili wahitaji wakaanza kupungua. Wengine njaa iliwakumbusha binamu waliowasahau tangu utotoni. Wengine waliondoka kwa magoti. Wengine walihamia kule ambako mtu hahitaji tena sahani. Daftarini wote waliandikwa neno moja: Amepungua.

Bi Salama wa kitanda cha ishirini na tisa, aliyeungua kwa mafuta ya maandazi, alipungua siku ya Jumanne alfajiri. Zamu yake ilikuwa Jumanne adhuhuri. Bi Mashavu alifika na sahani akakuta godoro limekunjwa. Alisimama pale na wali unapoa mkononi, hajui ampe nani, maana kibali hakikusema chakula cha aliyekufa kiishie kwa nani.

Jioni yake aliletewa barua ya pongezi na tarishi mwenye baiskeli. "Tuna furaha kukujulisha kwamba kufuatia mabadiliko ya leo katika idadi ya wahitaji, uzima wa chama chako umefikia asilimia hamsini na mbili. Hongera kwa kazi nzuri."

Hapo kile kilichokuwa kikimkuna kikajitokeza chote. Akakaa chini mlangoni.

Asubuhi alikwenda ofisini kwa Bwana Msabaha bila hata kujitanda vizuri.

"Nifungulie ghala, baba."

"Mama, akiba hailiwi. Ikiliwa si akiba."

"Ni ya nini sasa?"

"Ya siku ya shida."

"Na leo ni siku gani?"

Bwana Msabaha aliitazama kalenda ya ukutani kwa muda mrefu. "Jumatano," akasema.

"Ghala lina wadudu, nimewasikia kwa masikio yangu. Wanakula usiku na mchana."

"Wadudu hawamo kwenye daftari la wahitaji, mama. Hawaathiri hesabu." Halafu akashusha sauti. "Usinitazame hivyo. Nami napimwa. Kila chama kinachopona chini yangu ni alama. Sikuitunga mimi hesabu hii."

"Kaitunga nani?"

Bwana Msabaha akanyoosha kidole juu, kwenye ofisi ya ghorofa ya pili. Bi Mashavu akapanda. Ghorofa ya pili wakanyoosha kidole juu, kwenye ya tatu. Ghorofa ya tatu alikuta paa na tangi la maji, na fundi aliyekuwa akiliziba, ambaye naye, alipoulizwa, aliangalia mbinguni.

*

Mwezi wa sita alibaki Mzee Shomvi peke yake. Na hapa ndipo hesabu ilipowachezea wenyewe. Kwa kuwa zamu zote zilikuwa zimemrudia yeye, sasa alikula kila siku. Akanona. Akaota kitambi. Akaanza kulalamikia chumvi.

"Leo umetia kidogo, Mashavu."

"Mzee, wenzio wamekufa kwa njaa nawe unahesabu chumvi?"

 Mzee Shomvi akasema, bila utani, "Nakula sahani za watu arobaini. Unadhani nazimeza vipi? Angalau zikiwa na chumvi zinateremka."

Kuruhusiwa kutoka hakuweza, maana mgonjwa hutolewa akikabidhiwa kwa jamaa. Na sakafuni, kati ya vitanda na chini yake, wodi ilikwisha jaa wagonjwa wapya wasio na jamaa, waliokuja baada ya daftari kufungwa. Walikuwa thelathini na sita, na hawakuwepo, na asiyekuwepo hapewi kitanda. Bi Mashavu aliwaruka kwa uangalifu akienda kitanda cha thelathini na nane, akiomba radhi kila hatua, asiwakanyage.

Uzima wa chama ulisimama kwenye tisini na saba nukta sita. Ukagoma hapo wiki nzima, wiki mbili, wiki tatu, maana ghala lilikwisha jaa na Mzee Shomvi hakupungua. Wizarani wakashikwa na wasiwasi. Hati ilikwisha chongwa kwenye ubao wa mpingo, ikasema mia kwa mia. Bendi ilikwisha lipwa. Waziri alikwisha kata nywele.

Ikabidi sherehe ifanyike.

*

Waziri wa Huruma aliingia wodini Jumamosi na msafara wa watu sitini. Waliwaruka wasiokuwepo. Bi Mashavu alikuwa kitandani kwa Mzee Shomvi, sahani mkononi, kijiko nusu njia.

Waziri alimwangalia mzee kwa tabasamu, kisha akamgeukia daktari. "Huyu anatarajiwa lini?"

"Mheshimiwa," alisema daktari, "huyu anaongezeka kilo."

Macho yote yakaenda kwenye sahani.

Waziri alikohoa, akafungua karatasi, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwepo na ni vibaya kukiacha bure. "Ndugu wananchi! Serikali yenu imekifufua chama kilichokufa. Kutoka sifuri mpaka tisini na saba nukta sita! Maghala yamejaa! Wahitaji wamekwisha! Amebaki mmoja tu, na hata yeye, kama mnavyomwona, ni kwa sababu ya hujuma. Na anayehujumu ni nani? Ni mwanzilishi mwenyewe, mwenye kijiko! Mama, miezi sita tunahangaika kukiponya chama chako, nawe kila siku mchana unakirudisha nyuma. Tumekukosea nini?"

 Bwana Msabaha alimwinamia Bi Mashavu sikioni, jasho linamtoka.

"Mama, sikiliza. Ukipata Hati leo, daftari linafunguliwa upya Jumatatu, sufuria inaingia, hawa wa sakafuni wote wanakula. Usipoipata leo, ghala zima linahamishiwa Mfuko wa Machozi ya Mama. Gari la kubebea liko nje, injini inawaka. Nakuomba. Hutakiwi kufanya kitu. Weka kijiko chini tu."

Bi Mashavu akaangalia chini. Thelathini na sita walikuwa wakimtazama. Karibu na mguu wake alilala mwanamke mwenye tumbo la kuvimba. Akamwangalia Mzee Shomvi.  Alijaribu kuhesabu, mmoja kwa thelathini na sita, hesabu ya darasa la pili, na kila akiifikisha mwisho ilikuwa na pua ya mtu, na kidevu chenye mvi, na mdomo uliokuwa wazi ukingoja.

"Mashavu," alisema Mzee Shomvi, "wamesimama muda mrefu, wageni wako."

"Wanakungoja wewe, mzee."

"Nimesikia, nyonga ndiyo iliyovunjika, si masikio." Akaitazama sakafu, akawatazama wale wote mmoja mmoja. Machozi yakamlenga. Alikuwa mtu wa miaka sabini na nane, na alijaribu, kila aliyekuwepo aliona, alifumba macho na kujaribu kwa dhati kabisa kupungua. Bendi ikanyanyua matarumbeta. Ikapita dakika nzima.

Akafumbua jicho moja.

"Haiji," akasema kwa aibu. "Nimeshiba mno. Wape viti wakae, labda jioni."

Viti havikuwepo. Waziri akakaa ukingoni mwa kitanda, Bwana Msabaha akaegemea ukuta, bendi ikakaa juu ya ngoma zake. Nje gari la ghala lilikuwa likinguruma. Bi Mashavu alibaki na kijiko hewani, hakuweza kukishusha wala kukirudisha, mpaka mkono ukachoka wenyewe ukaenda ulikozoea kwenda. Mzee Shomvi akameza.

Na sakafuni, wale thelathini na sita ambao hawakuwepo wakameza mate, wote kwa pamoja, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye kipaza sauti.